"Sipandi ndege, naenda mlimani tu": dhana potofu za wazamiaji wa Dahab

"Mwalimu, mimi sipandi ndege. Naenda mlimani kwa gari tu." Wiki iliyopita niliambiwa maneno hayo kwa mara nyingine, na aliyeyasema alikuwa ameketi mkekani, nywele zikimchuruzika maji, akihangaika kuvua suti baada ya mbizi yake ya tatu siku hiyo. Ninafundisha uzamiaji Dahab, pwani ya mashariki ya rasi ya Sinai nchini Misri, mahali ambapo mbizi nyingi huanzia ufukweni: unavaa mtungi kivulini, unapita juu ya mwamba kwa hatua chache, unavaa mapezi ndani ya maji, na tayari uko kwenye matumbawe ya Ghuba ya Aqaba. Nyuma yako kuna jangwa, na ndani ya jangwa hilo kuna milima. Ukaribu huo wa bahari na milima ndio unaowavuta wageni, nao ndio unaozaa dhana inayonikera kuliko nyingine zote, kwamba katazo la kupanda ndege baada ya kuzamia linahusu ndege yenyewe na si mwinuko.

Mwili hauna habari ya ndege wala gari. Unachokihisi ni shinikizo la hewa. Mzamiaji aliye katika kina cha mita 20 yuko chini ya shinikizo mara tatu ya lile la ufukweni, na kwa muda wote anaokaa huko naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta inazidi kuyeyuka katika damu, mafuta na viungo vyake. Anapotoka majini, gesi hiyo haitoki naye mara moja. Sehemu nyingine za mwili huitoa kwa dakika chache, nyingine huhitaji saa nyingi, na mtu aliyezamia mara tatu kwa siku kwa siku nne mfululizo amezijaza hata zile sehemu za polepole ambazo mbizi moja haizigusi sana. Shinikizo la nje likishuka kabla gesi haijamalizika, inajitenga na kuwa mapovu, na mapovu hayo yakijikusanya kwenye viungo au neva ndipo ugonjwa wa wazamiaji unapoanza.

Sasa tutazame mwinuko. Hewa ndani ya ndege ya abiria kwa kawaida huwekwa katika shinikizo lisilopungua lile la mwinuko wa mita 2,400 hivi. Kilele cha Jabal Musa, ambacho wageni hukipanda usiku ili waone jua likichomoza, kina mita 2,285, na shinikizo la hewa pale ni kama robo tatu ya lile la ufukweni. Kwa hiyo aliyesimama kileleni alfajiri yuko karibu sawa na abiria wa ndege, isipokuwa abiria ameketi kitini ilhali yeye amepanda kwa miguu saa mbili au tatu, amepoteza maji kwa jasho, amepigwa na baridi na hajalala. Wala asijifariji yule anayesema atabaki chini kwenye Monasteri ya Mtakatifu Katarina, kwa maana monasteri yenyewe iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na tahadhari za wazamiaji kuhusu kwenda juu huanza kuhesabiwa tangu mita 600.

Muda unaopendekezwa kabla ya kuruka ni angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kusubiri wakati wa kupanda juu, angalau saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kwa aliyelazimika kufanya vituo hivyo. Hebu tuhesabu pamoja. Aliyetoka majini saa kumi jioni akapanda basi dogo la saa tano usiku, anafika chini ya mlima baada ya kama saa tisa na nusu tangu mbizi yake ya mwisho, na anafika kileleni jua linapochomoza baada ya saa 14 hivi. Hajatimiza saa 18, hata kama dereva angeendesha kwa mwendo wa kobe.

Mgeni mmoja alifanya hivyo hasa bila kutuambia. Katika siku zake nne hakushuka zaidi ya mita 18, alipanda juu taratibu kila mara, na kwa haki kabisa angeweza kujiita mzamiaji mwangalifu. Alipokuwa akishuka mlimani asubuhi, kiwiko cha kushoto kilianza kumuuma, akadhani amekilalia vibaya garini. Kufikia adhuhuri vidole viwili vilikuwa na ganzi, ndipo alipokuja kwetu. Tulimpa oksijeni papo hapo na kumpeleka kwenye chumba cha shinikizo, ambamo mgonjwa huwekwa tena chini ya shinikizo kubwa la hewa ili mapovu yapungue, akapona, ingawa hakuzamia tena katika likizo ile. Nikiwa namsubiri niliitazama kompyuta yake ya kuzamia, kile kifaa kidogo cha mkononi kinachohesabu kina na muda wa mbizi. Kwenye kona ya kioo, picha ndogo ya ndege iliyokatwa kwa mstari ilikuwa bado inaonekana, na pembeni yake saa zilizobaki zikihesabiwa kurudi nyuma. Aliponieleza baadaye, alisema aliiona picha hiyo usiku kabla ya kuondoka, akaona haimhusu kwa sababu yeye hapandi ndege.

Ndiyo maana nashikilia ushauri wangu mmoja hata kwa wanaoniona msumbufu: anza na mlima. Ukifika Dahab, nenda Jabal Musa katika usiku wa kwanza au wa pili, rudi, lala siku nzima, kunywa maji, kisha uzamie upendavyo. Ikiwa ratiba haikuruhusu, acha saa 24 kamili kati ya mbizi ya mwisho na barabara ya mlimani. Mimi sisemi 18, kwa sababu tarakimu hizo hupunguza hatari bila kuifuta, nazo hazikuwekwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kupanda mlima kwa miguu. Wanaouza safari za mlimani hawatakuuliza kama umezamia, basi jiulize mwenyewe.

Dhana ya pili ni ndugu wa hiyo, kwamba mbizi inayoanzia ufukweni ni ya kina kifupi, na kwa hiyo haina madhara. Blue Hole ya Dahab, shimo refu ndani ya mwamba wa matumbawe, iko hatua chache tu kutoka kwenye vikao vya chai, na ukuta wake unateremka zaidi ya mita 90. Tao linaloiunganisha na bahari ya wazi linaanzia katika mita 50 na kitu, ilhali kikomo cha uzamiaji wa burudani ni mita 40. Vibao vya kumbukumbu vilivyobandikwa kwenye jabali la ufukweni vina majina ya waliokufa pale, na wote waliingia majini kwa kutembea. Nakiri kwamba ufukwe una faida yake, maana mwamba unaopanda polepole unamlazimisha mzamiaji apande polepole naye. Lakini una gharama pia, kwa sababu unatoka majini ukiwa na mzigo wa zaidi ya kilo 20 mgongoni, unatembea juu ya mawe chini ya jua kali, na juhudi kubwa mara tu baada ya mbizi ni kichocheo kinachojulikana cha mapovu. Vua mtungi mapema, omba msaada, usikimbilie gari.

Wengine huniambia kwamba maji ya kunywa yanasafisha naitrojeni. Kunywa, tena sana, kwa kuwa hewa ya jangwa inakukausha bila wewe kuona jasho na mwili mkavu huitoa gesi kwa shida zaidi, ila hakuna chupa ya maji inayochukua nafasi ya saa za kungoja.

Mtungi wa kawaida si "mtungi wa oksijeni". Una hewa hii hii tunayovuta, iliyoshindiliwa na kuchujwa, na oksijeni tupu inaweza kumtia mzamiaji degedege akipita mita sita hivi. Naitroksi nayo, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, haikuundwa ili ushuke chini zaidi. Ile yenye oksijeni asilimia 32 ina kikomo cha mita 33 hivi, na kazi yake ni kukupunguzia naitrojeni katika vina vya kawaida.

Wanaodhani kwamba bahari ya jangwani ni ya moto wakati wote waje Februari, maji yakiwa nyuzi 21 au 22 na upepo wa kaskazini ukivuma. Maji hukupokonya joto haraka mara nyingi kuliko hewa, kwa hiyo leta suti ya milimita tano. Na wale wanaokataa kuongeza kipande cha madini ya risasi kwenye mkanda wa uzito unaowasaidia kuzama kwa sababu "nyumbani natumia kilo nne" wasahau kilo za nyumbani, kwa kuwa Bahari ya Shamu haiingiwi na mto wa kudumu, jua linaikausha mwaka mzima, na chumvi yake ya karibu gramu 40 kwa lita itakufanya uelee kama gunzi.

Imebaki moja ambayo sitaki kuipita. Wengi huamini kwamba ugonjwa wa wazamiaji ukikupata utaujua papo hapo ukiwa bado majini, hivyo maumivu yanayokuja jioni wanayaita uchovu, wanameza dawa na kulala. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa chache baada ya kutoka majini, na mwinuko unaweza kuziamsha baadaye zaidi. Ukihisi ganzi, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu au maumivu ya kiungo yasiyo na sababu, nenda kituoni ulikozamia usiku huo huo ukaombe oksijeni. Hata dalili zikipungua baada ya oksijeni, bado daktari wa chumba cha shinikizo anapaswa kukuona. Beba kompyuta yako, mweleze kila mbizi na saa yake, na ikiwa ulikwenda mlimani, liseme hilo kwanza.