Ukitaka vipepeo, walishe viwavi kwanza

Wakazi wa Tanga hutuuliza wapande maua gani ili wapate vipepeo. Swali zuri, ila limeanzia mwisho. Ua humpa kipepeo nekta ya kunywa, basi. Kutaga, hutaga pale watoto wake watakapokula, na kiwavi hali kila jani. Jike hutua, akaligongagonga jani kwa miguu ya mbele kulionja. Lisipokuwa lenyewe, huyoo, kaondoka. Uwanja wa ukoka na bogonvilia utapata wapita njia tu.

Anza na mti ambao huenda tayari unao: mlimau, mdimu au mchungwa, ambayo Muheza imejaa tele. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, kitaalamu Papilio demodocus, hutaga yai mojamoja, duara, kwenye majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na baka jeupe, utadhani kinyesi cha ndege, na ndege humpita. Akikua hugeuka kijani. Mguse taratibu kwa kijiti uone: nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini, nyekundu, zenye harufu kali. Haumi wala hawashi. Wanaowasha ni wale wenye manyoya, na wengi wao ni watoto wa nondo.

Mti mkubwa hauumii kwa majani machache. Mche wa kitalu ndio wa kuhurumia, maana viwavi wachache huumaliza. Waokote uwahamishie mti mkubwa. Dawa ya nini?

Michungwa yenyewe ni ya kuletwa, lakini ukoo wake una miti yetu ya asili, mjafari ukiwemo. Mtopetope wa porini ni mti mdogo unaotosha hata kwenye kiwanja kidogo, na viwavi wa jamii ya Graphium huupenda. Mwenye eneo kubwa apande mbambakofi, unaolisha viwavi wa baadhi ya vipepeo wa jamii ya Charaxes. Hao wakishakuwa vipepeo hawana habari na maua: hufuata maembe na ndizi zilizooza, kwa hiyo tunda bovu liache chini ya mti.

Wanakijiji wa Amani, kwenye Usambara Mashariki, wanalijua hili kwa vitendo. Walifuga vipepeo na kuuza pupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kugeuka vipepeo, nje ya nchi, mpaka Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Kazi yao ilianzia kwenye mimea: kila aina ya kipepeo na mmea wake, jike akiwekwa kwenye kizimba cha wavu pamoja na mmea huo ili atage.

Lantana sikushauri, ingawa vipepeo huijaa. Ni mgeni kutoka Amerika, ndege husambaza mbegu zake, na ikishaingia porini huibana mimea ambayo viwavi wanaitegemea.

Panda masika yakianza, mche upate mvua ya kutosha. Miche tafuta kitaluni au otesha mbegu, usiing'oe hifadhini. Na ukiona majani yametobolewa, geuza upande wa chini uangalie kabla ya kushika bomba la dawa, kwani dawa ya wadudu haichagui kati ya kidukari na kiwavi wa kipepeo.