Je, wajua kwa nini basi la miaka 17 lilitembea London karibu miaka 50?

Desemba 9, 2005, mchana, basi jekundu la ghorofa lenye namba RM2217 liliondoka Marble Arch, katikati ya London, kwenye njia namba 159. Watu walijaa barabarani kulitazama hadi likachelewa. Lilipoingia gereji ya Brixton, Routemaster, maana hilo ndilo jina la aina hiyo ya basi, zikawa zimemaliza kazi yao kwenye njia za kawaida. Waliolibuni basi hilo miaka ya 1950 walilipangia maisha ya miaka 17 hivi. La kwanza lilianza kubeba abiria Februari 1956. Hesabu mwenyewe.

Kuzeeka kazini si ajabu. Sote tumepanda magari yaliyotuzidi umri. Ajabu ni kwamba basi lililoletwa kuirithi Routemaster lilistaafu kabla yake, la mwisho likiondoka London miaka 12 mapema. Mzee alimzika mrithi.

Ukiwauliza wapenzi wa mabasi siri ya umri huo, wengi wataanza na bodi. Routemaster ilibuniwa na wahandisi wa shirika la London Transport pamoja na kampuni ya AEC, na bodi yake ni ya aluminiamu. Ujuzi huo ulitoka vitani: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa mabasi ya London walipewa kazi ya kuunda ndege za mabomu aina ya Halifax. Kwa hiyo basi jipya lilikuwa jepesi kidogo kuliko RT lililolitangulia, ingawa lilikuwa na viti 64 badala ya 56. Tena lilikuja na usukani wa kusaidiwa na gia za kujibadilisha zenyewe, mambo ambayo dereva wa basi wa wakati ule hakuyazoea.

Lakini bodi nzuri peke yake haimfikishi mtu miaka 50. Siri yenyewe ni kwamba basi hili liliundwa ili lifunguliwe.

Routemaster haina chesisi ndefu kama ya lori. Mbele kuna fremu fupi inayobeba injini, usukani na magurudumu ya mbele. Nyuma kuna fremu nyingine yenye ekseli na springi. Bodi ndiyo inayoziunganisha. Fungua boliti, nyanyua bodi kwa winchi, na basi limegawanyika vipande ambavyo kila kimoja kinakwenda kwa fundi wake.

Kazi hiyo ilifanyika Aldenham, karakana kubwa mno nje kidogo ya London. Jengo lilikuwa limekusudiwa treni za chini ya ardhi, mpango ukafa, likageuka hospitali ya mabasi. Kila baada ya miaka michache basi liliingia humo, likavuliwa hadi mifupa. Injini huku, gia kule, viti kwingine. Bodi ilifungwa kwenye mtambo ulioilaza ubavu ili mafundi wasafishe na kukarabati upande wa chini wakiwa wamesimama, si kwa kulala chali shimoni huku grisi inawadondokea usoni. Karakana ilipokuwa na nguvu, mabasi kama 50 yalitoka kwa wiki.

Hilo liliwezekana kwa sababu vipuri vyote vilikuwa vya kipimo kimoja. Bodi yoyote ilikaa juu ya fremu zozote za aina yake. Basi lililoingia halikusubiri vitu vyake lenyewe virudi kutoka kwa mafundi. Lilipewa vilivyokuwa tayari. Na hapa ndipo mabishano yanapoanzia: basi lipi ni lipi? Leseni ya barabara ililipiwa kwa namba ya basi, na kuliacha basi lililolipiwa limelala karakana ilikuwa hasara. Kwa hiyo basi chakavu lilipoingia, jingine lililokwisha kufanyiwa matengenezo lilivalishwa namba zake na kurudi kazini mara moja. Kwenye vitabu, basi lilikaa karakana muda mfupi ajabu. Kwa macho, basi lililotoka halikuwa lile lililoingia.

Sasa mlete mrithi. Mwanzoni mwa 1971 London ilianza kutumia DMS, basi la ghorofa lililojengwa kwenye chesisi ya Daimler Fleetline. Lengo lilikuwa kumwondoa kondakta. Injini ilihamishiwa nyuma, mlango ukaja mbele karibu na dereva, na nauli ikawa ya kulipa unapoingia. Pembeni kuliwekwa kizuizi cha kuzunguka chenye kumeza sarafu, ambacho abiria hawakukipenda na chenyewe kilikwama mara kwa mara. Kwa karatasi, mshahara mmoja umeokolewa. Barabarani, basi linasimama kituoni huku watu wanatafuta chenji mifukoni. Kwenye Routemaster konda alikata tiketi gari likitembea, na abiria alidandia au kushuka kwa nyuma, kwenye kibaraza kisicho na mlango. Yeyote aliyekulia kwenye daladala anajua thamani ya konda mwepesi.

Pigo kubwa zaidi lilikuja DMS zilipofikia zamu ya matengenezo makubwa. Hazikuundwa kwa ajili ya Aldenham. Kuzivua bodi kulichukua muda mrefu na fedha nyingi, na gia nazo zilisumbua kwenye foleni za London za kusimama na kuondoka. Shirika lilikuwa limenunua zaidi ya 2,600. La mwisho lilipokelewa 1978, na mapema 1979 yale ya kwanza yakaanza kuondolewa, wakati RT chache, babu wa ukoo wenyewe, bado zilikuwa njiani hadi Aprili mwaka huohuo.

Lakini DMS hazikuwa takataka. Nyingi ziliuzwa kwa miji mingine ya Uingereza na hata Hong Kong, zikapiga kazi kwa miaka. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kununua gari bila kununua namna ya kulitunza, au tuseme kusahau kwamba gari na gereji ni kitu kimoja. Aldenham yenyewe ilifungwa 1986, lakini Routemaster zilikuwa bado zinafunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yale marefu yenye viti 72 yalivishwa injini mpya za Cummins na Iveco, yakaendelea.

Kilichoziondoa mwishowe hakikuwa uchakavu. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kupanda, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya 1995 ilikuwa imeshabadilisha viwango vya mabasi, na kibaraza kile cha nyuma kiliwaangusha watu. Hoja hizo sina la kuzijibu.

Baadhi ya njia zilipewa mabasi marefu ya Mercedes-Benz Citaro yenye kupinda katikati, mita 18. Wazee wa Dar es Salaam wataelewa nikisema kumbakumba, kama Ikarus za UDA, shirika la mabasi la jiji hilo. Yalikuwa na milango mitatu, kila mmoja akaingia anakotaka, na wasiolipa nauli wakawa wengi. Yakaondolewa kufikia Desemba 2011. Februari 2012 ikaja Routemaster mpya, kazi ya mbunifu Thomas Heatherwick, iliyotengenezwa na Wrightbus: kibaraza cha nyuma kikarudi, na mhudumu wa kukisimamia akarudi naye. Yalinunuliwa 1,000. Madirisha ya juu hayakufunguka, joto likawa gumzo hadi yakabadilishwa. Wahudumu waliondolewa 2016, kibaraza kikafungwa mlango, na tangu 2020 abiria anapandia mbele kwa dereva, kama kwenye DMS.

Zile za zamani zilizosalia, nyingi sasa ziko mikononi mwa watu binafsi na makumbusho, zinaonekana harusini na kwenye maonyesho. Mpenzi mgeni hupiga picha namba ya RM iliyo ubavuni na kwenda zake. Mzoefu huuliza namba ya bodi, ambayo ni nyingine kabisa, kisha hufungua daftari aone bodi hiyo iliwahi kuvaa majina mangapi.