Kwa nini geji ya mafuta ya pikapu ya zamani hudanganya?

Je, wajua kwamba unaweza kufunga senda mpya kwenye tangi, geji ikiwa nzima, na bado mshale ukaonyesha tangi limejaa huku injini ikizima kwa kukosa petroli? Senda na geji huelewana kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na omu zisipolingana hakuna kinachosomeka sawasawa.

Senda ni kile kifaa kinachoning'inia ndani ya tangi. Kina mkono wa waya wenye boya nchani, na kwenye kiungo chake kuna kidole cha chuma kinachoteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kibao. Petroli ikishuka, boya hushuka, kidole kinahama na ukinzani unabadilika. Geji haioni petroli hata tone. Inaona ukinzani huo tu.

Sasa kila kiwanda kilijichagulia kipimo chake. Pikapu za Chevrolet na GMC za kuanzia 1965 husoma omu 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa. Za kabla ya hapo, 0 hadi 30. Ford za zamani ni kinyume: karibu 73 tupu, karibu 10 likijaa. Senda nyingi zinazouzwa kuwa ni za magari yote ni 240 tupu na 33 likijaa. Ifunge hiyo kwenye Chevrolet ya 1970: ukijaza tangi, mshale unakaa karibu na theluthi, kisha kadiri petroli inavyoisha unapanda.

Kabla ya kufungua tangi, pima waya. Chomoa waya wa senda, washa swichi. Kwenye Chevrolet mshale unapaswa kupanda kupita alama ya kujaa, na ukigusisha waya huo kwenye bodi unapaswa kushuka hadi tupu. Kwenye Ford ni kinyume, na gusisha kwa sekunde chache tu, maana geji yake hufanya kazi kwa joto na inaweza kuungua. Mshale ukitii, geji na waya ni vizima.

Usikimbilie kulaumu senda, lakini. Mara nyingi kosa ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari: tangi limepakwa rangi, limelazwa juu ya raba, skrubu zimeota kutu. Piga msasa ukingo wa senda hadi chuma king'ae, kisha vuta waya wa ethi kutoka hapo hadi kwenye chesisi. Boya la shaba nalo litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limepasuka, badilisha.

Senda ya kurekebishwa, yaani ile unayoweza kubadili urefu wake, hupimwa kwa kina cha tangi. Kwa tangi la sentimita 30, kiungo cha mkono kikae sentimita 15 kutoka juu, na mkono uwe na urefu wa sentimita 20 hivi. Hapo boya litapanda na kushuka nyuzi 45 kila upande, likibakiza karibu sentimita 1 juu na chini. Hakikisha haligusi ukuta wala vizuizi vya ndani; likikwama, mshale utaganda sehemu moja.

Jaribu kila kitu nje ya tangi kwanza, mbali na mvuke wa petroli: unganisha waya na ethi, inua boya polepole, tazama mshale. Wa Ford huchelewa, upe muda. Ndipo utoe waya hasi wa betri, ufunge senda kwa gasketi mpya inayostahimili petroli. Skrubu ni tano na matundu hayajapangwa sawa, hivyo inakaa upande mmoja tu.

Mkono ukihitaji kukunjwa, lenga mshale uwe sahihi tangi likiwa tupu. Kosa dogo kwenye kujaa halimwachi mtu njiani. Mimina lita 5 kwenye tangi kavu, washa swichi, uone mshale umesimama wapi. Pachukulie hapo kuwa tupu yako.