Ua lililotafutwa karibu miaka 40, na huyo "A.Gray" unayemuona mwisho wa jina la mmea

Kila likija kundi la wanafunzi hapa hebaria, yaani kule tunakotunza mimea iliyokaushwa, lazima mmoja aulize hivi haya majani makavu mnayaweka ya nini, si myatupe tu mkachume mengine. Kuna mzee mmoja alikuja mwaka juzi akadhani tunauza dawa, akaniuliza bei kabisa. Sikumcheka, na ukifika mbele utaona kwa nini.

Tuanze na lebo. Ukisoma jina kamili la mmea la kisayansi, yale maneno mawili ya Kilatini huwa yanafuatwa na herufi au jina fupi. Mahindi ni Zea mays L., hiyo L. ni Linnaeus, Mswidi aliyelitoa jina. Sasa ukishika vitabu vya mimea ya Marekani utakutana na "A.Gray" mpaka uchoke. Huyo ni Asa Gray, alizaliwa 1810 huko Sauquoit, jimbo la New York, baba yake fundi wa kutengeneza ngozi. Akasomea udaktari wa watu, akamaliza 1831, lakini moyo ulikuwa kwenye majani, udaktari akauacha. Akajiunga na John Torrey, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mimea Marekani wakati ule, na kuanzia 1842 akawa profesa Harvard hadi alipofariki 1888.

Kabla ya Harvard, chuo kikuu cha Michigan kilimuajiri 1838 wakati chenyewe bado kinajengwa, wakampa pesa akanunue vitabu Ulaya. Vitabu akanunua, kufundisha pale hakuwahi kufundisha hata siku moja. Ila safari ile ndiyo iliyozaa hii hadithi.

Mwaka 1839 akiwa Paris akawa anapekua kabati la mimea ya André Michaux, Mfaransa aliyezunguka misitu ya Marekani miaka ya 1780. Huko ndani akakuta karatasi moja, juu yake mmea mdogo mkavu, majani ya mviringo yenye meno meno pembeni, tunda lipo, ua hakuna. Lebo inasema kwa Kifaransa umetoka milima mirefu ya Carolina, basi, jina hauna. Gray akauangalia huu mmea, akagundua haufanani na chochote anachokijua, akaupa jina Shortia galacifolia, likachapishwa 1842 yeye na Torrey wakiwa wameweka sahihi pamoja. Hilo "Shortia" ni heshima kwa Charles Wilkins Short, daktari na mpenda mimea wa Kentucky. Short akafariki 1863 bila kuliona ua lenye jina lake.

Hapo watu wengi wanashangaa, inakuwaje mtu anaupa jina mmea ambao hajawahi kuuona ukiwa hai? Ndivyo kazi yetu ilivyo bwana. Jina la mmea linafungwa kwenye sampuli, ile karatasi yenyewe, siyo kwenye picha wala kwenye kumbukumbu za mtu. Mmea unabanwa katikati ya magazeti ukiwa bado mbichi, unabadilishiwa magazeti kila siku mpaka ukauke vizuri, ukizembea unaota ukungu na harufu yake utaijutia, halafu unabandikwa kwenye karatasi ngumu na lebo inayosema nani, wapi, lini. Ukitunzwa vizuri bila wadudu unakaa miaka mia mbili na zaidi. Leo mtu akibisha kwamba mmea fulani siyo Shortia, hatubishani kwa maneno, tunarudi kwenye sampuli.

Basi Gray akaanza kulitafuta. 1841 akapanda milima ya North Carolina, hakuna. 1843 akarudi, hakuna. Wengine nao wakatafuta, patupu, ikafika mahali watu wanamtania kwamba mmea wake haupo duniani. Kumbe makosa yalikuwa mawili. La kwanza lebo iliwapeleka juu milimani wakati mmea unaota chini, kwenye kingo za vijito vyenye kivuli. La pili Shortia inatoa maua mapema sana, Machi hivi baridi ikiwa ndiyo inaondoka, na hawa maprofesa walikuwa wanakwenda kiangazi, ua limeshapukutika zamani na majani yamejificha katikati ya mengine.

Aliyeliona ni kijana. 1877 George Hyams, umri wake miaka 17 hivi, aliliokota kando ya mto Catawba karibu na mji wa Marion, North Carolina, na wala hakujua ameshika nini. Baba yake alikuwa kwenye biashara ya mitishamba, ndiyo maana yule mzee wangu wa bei sikumcheka. Baba naye hakuujua, akautuma kwa mtu mwingine Rhode Island, na huyo ndiye aliyeufikisha kwa Gray mwaka 1878. Safari hii ua lipo. Jeupe, moja tu kwenye kikonyo chekundu, umbo la kengele na ncha zake zimekatwa katwa kama lesi. Mwaka uliofuata Gray, karibu miaka 69 sasa, akafunga safari na mkewe na marafiki kwenda kuuona ukiwa umesimama ardhini kwa macho yake.

Nimekaa sana kwenye ua hili kwa sababu ndilo alilolipenda, lakini kwa faida ya watu kuna majina yake mengine makubwa zaidi. Phaseolus acutifolius A.Gray ni maharage ya tepari, punje ndogo kuliko maharage yetu, Waindiani wa jangwa la Sonora wanayalima tangu enzi kwa mvua kidogo sana, na leo watafiti wa mbegu wanayachanganya na maharage ya kawaida kutafuta ukinzani wa magonjwa na joto. Halafu Parthenium argentatum A.Gray, kichaka cha jangwani kinachotoa mpira, Wamarekani walikipanda kwa wingi vita vya pili vya dunia Wajapani walipowafungia mpira wa Asia. Ndugu yake mmoja mnamfahamu vizuri sana, ni lile gugu karoti linaloharibu malisho huku kwetu na kuwasha watu ngozi, lakini hilo jina alitoa Linnaeus kwa hiyo Gray msimlaumu.

Na Gray ndiyo huyu huyu aliyekuwa akiandikiana na Charles Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Barua ya Darwin kwake ya Septemba 1857 ilisomwa London 1858, ikawa ushahidi kwamba Darwin wazo lake alikuwa nalo kitambo. Gray alikuwa Mkristo wa kanisani haswa, na bado akamtetea Darwin Marekani, jambo ambalo mpaka leo watu wananibishia nikilisema.

Kuuita mmea kwa jina lako mwenyewe kwetu ni aibu, karibu hakuna anayefanya, unasubiri mwenzako akupe heshima hiyo. Lile yungiyungi jekundu alilochuma Gray mlima Roan lilipewa jina Lilium grayi na mtaalamu mwenzake wa mimea, Sereno Watson, 1879.

Turudi kwenye Shortia. Bado pale hasa Michaux alipoichuma palikuwa hapajulikani. 1886 mtaalamu mwingine wa mimea, Charles Sprague Sargent, akafuata maandishi ya Mfaransa mpaka vyanzo vya mto Keowee, South Carolina, akaikuta Shortia imetanda kingo za vijito. Miaka ya 1970 likajengwa bwawa la umeme la Jocassee, na sehemu kubwa ya mabonde yale sasa iko chini ya maji. Ile karatasi ya Michaux iko Paris, na tunda lake.