Kupiga picha sayari kwa darubini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akinunua darubini yake ya kwanza, hukimbilia kubandika simu kwenye lenzi ya kuchungulia, akaielekeza Mshtarii, na kuambulia duara jeupe lisilo na kitu ndani. Hapo wengi huamua kwamba wameuziwa darubini mbovu. Mara nyingi darubini haina kosa. Kinachowaangusha ni mambo waliyoyasikia kabla ya kuanza, na mengi yanatokana na kuchanganya picha za sayari na picha za magalaksi (makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali sana), kazi mbili zenye kanuni tofauti kabisa.

"Usiku ni giza, kwa hiyo kamera inahitaji mwanga mwingi"

Dhana hii huharibu picha kuliko nyingine zote. Anga ni jeusi, lakini upande wa sayari tunaouona unamulikwa na jua. Huko ni mchana. Simu ikiachiwa ijiamulie, inaona weusi umejaa kwenye kioo, inaongeza mwanga, na mikanda ya mawingu ya Mshtarii inafutika. Achana na hali ya usiku ya simu. Sayari ikishakaa katikati, iguse kwenye kioo, shikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusha mwanga. Kwenye simu nyingi unaburuta ile alama ya jua kwenda chini. Endelea kushusha hata unapohisi umepitiliza. Weupe unapungua, duara linakuwa la manjano hafifu, halafu mistari miwili ya kahawia inajitokeza, mmoja kila upande wa ikweta ya sayari. Wakati huo ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610 itafifia au kupotea. Usihangaike nayo. Picha inayoonyesha mikanda safi na miezi inayong'aa kwa pamoja mara nyingi ni picha mbili zilizounganishwa.

"Mjini huwezi, mpaka uende kijijini kwenye giza"

Kwa magalaksi, kweli. Kwa Mshtarii, Zohali na Mirihi, taa za barabarani hazina neno, na hata mbalamwezi haizuii. Christopher Go, mpiga picha za sayari wa ridhaa, anapiga picha zake katika jiji la Cebu, Ufilipino, na ni yeye aliyegundua Februari 2006 kwamba dhoruba moja kubwa ya Mshtarii, iitwayo Oval BA, imegeuka kuwa nyekundu. Wanasayansi wa kulipwa walimfuata baadaye kwa Hubble, darubini iliyo angani.

Cebu ina faida nyingine ambayo sisi pia tunayo bila kuitumia: iko karibu na ikweta. Kwetu Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam sayari hupanda juu sana, nyakati nyingine karibu na utosi, ambako mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo. Uingereza kuna miaka ambayo sayari hukaa chini kabisa karibu na upeo, na Damian Peach, Mwingereza anayesifika kwa picha hizi, amewahi kusafiri mpaka Barbados kufuata anga la tropiki. Anga kama hilo liko juu ya mapaa yetu.

"Ukikuza zaidi, utaona zaidi"

Maboksi ya darubini za bei nafuu hujisifu kwa namba kubwa kubwa. Kipimo cha kuaminika ni kipenyo cha lenzi au kioo kikuu cha darubini: zidisha milimita zake mara 2, ndio mwisho wa ukuzaji wenye maana. Darubini ya milimita 70 inaishia kama mara 140, hata boksi liandike nini. Ukipita hapo unakuza ukungu. Jiandae pia kwa udogo wa sayari zenyewe: ungelazimika kupanga Mshtarii zipatazo 40 kwa mstari ili zivuke uso wa Mwezi.

"Unatafuta picha moja iliyotulia"

Hakuna. Hewa iliyo juu yetu haitulii, na kutazama sayari ni kama kutazama sarafu iliyo chini ya ndoo ya maji yanayokorogwa. Picha moja inanasa mtikisiko wa wakati huohuo tu. Ndiyo maana wapigaji sayari hurekodi video. Katika fremu (picha mojamoja za video) elfu kadhaa zitakuwemo chache zilizobahatika, pale hewa ilipotulia kwa kitambo kidogo. Programu za bure za kompyuta kama AutoStakkert huzipanga fremu kwa ubora, huchukua zilizo bora na kuzirundika moja juu ya nyingine mpaka chengachenga za kamera zipungue. Kwa Mshtarii ishia dakika 2 au 3: sayari hiyo hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, na video ndefu itautia ukungu uso wake.

Hewa mbaya zaidi mara nyingi ni ile ya nyumbani. Bati na zege vilivyokula jua mchana kutwa hutoa joto mpaka usiku sana, na sayari inayopita juu ya paa la jirani itaonekana kama inachemka. Toa darubini nje nusu saa kabla ili ipoe, usipige kupitia dirishani, na ikiwezekana simama kwenye nyasi. Nyota zikimetameta sana, lala. Usiku wenye utando mwepesi, ambao nyota zinaonekana hafifu lakini zimetulia, unaweza kukupa picha bora kuliko ule unaong'aa.

"Bila mota ya kufuatilia sayari, usijisumbue"

Weka sayari ukingoni mwa kioo cha simu, anza kurekodi, iache ivuke yenyewe Dunia inavyozunguka, kisha irudishe tena. Programu ya PIPP, nayo ya bure, itaiweka katikati kwa kila fremu.

"Kusafisha picha kwenye kompyuta ni kudanganya"

Picha iliyotoka kwenye mrundiko huwa laini, kama ina utando. Kuinoa, yaani kuongeza ukali wake, kunatoa maelezo ambayo mwanga ulikuja nayo kweli. Udanganyifu unaanza unaponoa mpaka duara linazungukwa na pete nyeupe na uso unajaa mabaka ambayo darubini yako haina uwezo wa kuyaona. Programu za akili bandia zinazochora upya mimi sizikubali hata kidogo: zinakupa Mshtarii ya mtu mwingine.

"Sayari ni ileile kila mwaka"

Aliyeanza na Zohali mwaka 2025 alipata mpira uliochomwa sindano, akadhani ameharibu. Machi mwaka huo Dunia ilivuka usawa wa pete za Zohali, tukaziona kwa ubavu. Zitaendelea kufunguka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mirihi hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, na mikaribio hailingani: ule wa Februari 2027 utaionyesha ikiwa na upana kama nusu tu ya ule wa Agosti 2003. Zuhura nayo hubadilika umbo kama mwezi, na ikiwa hilali ndipo inapokuwa kubwa zaidi, ila huwa karibu na jua. Isubiri mpaka jua lizame kabisa ndipo uelekeze darubini upande huo, kwa sababu jua likiingia kwenye lenzi linapofua jicho papo hapo.