Hana na hataki si kitu kimoja

Jumamosi usiku picha iliingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa: dirisha la waya, uso wa mtoto wa miaka kama minne nyuma yake, na mlangoni kufuli kubwa. Chai yangu haijapoa, hukumu ishatolewa. "Huyo mama afungwe." "Watoto wapelekwe makao." "Kama huna uwezo, unazaa wa nini?" Jirani mmoja akanitaja kabisa: wewe si ndiye wa mambo ya watoto, kama huu si utelekezaji ni nini?

Miaka kumi na sita nafanya kazi ya ustawi wa watoto upande huu wa Eastlands, Nairobi, na swali hilo nimelijibu matangani, harusini na ndani ya matatu. Leo naliandika, ili siku nyingine nitume kiungo nirudi kwenye chai yangu.

Kipigo na unajisi sitavizungumzia sana. Ukishuku, piga 116, simu ya kusaidia watoto hapa Kenya, ni bure usiku na mchana. Kama ni unajisi, mtoto afike hospitali kabla saa 72 hazijaisha, asiogeshwe, na nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Basi.

Kinachonichosha ni utelekezaji. Watu wanadhani unaonekana kwa macho: makamasi, kaptura iliyochanika, mlango uliofungwa. Huo ni umaskini unaouona. Huenda nyuma yake kuna utelekezaji, huenda hakuna, na simu yako haina kamera ya kukuonyesha hilo.

Chukua hilo kufuli. Mama fua, anayefulia watu nguo kwa kibarua, anatoka mtaa wa mabanda wa Mukuru saa kumi na mbili asubuhi, anatembea hadi mitaa yenye mageti, anakaa chini na wenzake akingoja mtu atoke na karai la nguo. Kuna siku anapata, kuna siku anarudi mikono mitupu. Bebi kea ya kwenye ploti, anakoachwa mtoto mchana kutwa, ni shilingi 100 kwa siku, na mwenyewe anazitaka asubuhi, wakati mama bado hajazifulia. Amwachilie mtoto acheze kando ya mtaro, amwachie jirani aliyehamia juzi, au afunge. Amefunga. Nimeona mabati yakiungua, kwa hiyo usinifundishe hatari ya kufuli, linaninyima usingizi kuliko wewe. Lakini kati ya hatari tatu, mama huyo alichukua ile ambayo ufunguo wake anao yeye.

Hata sheria inalijua hili. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyotangulia hii ya 2022, kifungu chake cha 127 juu ya ukatili na utelekezaji kilitia neno la kukusudia. Halikutiwa kwa urembo.

Mimi sianzi na kilichokosekana. Natazama kilichopo kimekwenda kwa nani. Sufuria ikiwa tupu kwa wote, hiyo ni njaa. Wawili wakiwa wameshiba na wa tatu, ambaye baba alikuja naye kutoka ndoa yake ya kwanza, anakwangua ukoko, hapo nafungua daftari. Naomba kijitabu cha kliniki nione mstari wa uzito: uliacha kupanda lini, na nani alikuwa akimlea wakati huo? Wengine hukimbilia ukurasa wa chanjo. "Chanjo ni bure, mbona hajampeleka?" Ndiyo, sindano ni bure. Foleni inakula siku nzima, na siku nzima ni unga.

Kisha naleta msaada na kungoja. Tukilipia bebi kea mwezi mmoja na mtoto akapelekwa kila asubuhi, faili imejijibu. Tukilipa na kufuli bado lipo, naanza maswali mengine: pombe, huzuni nzito ya baada ya kujifungua, mwanamume wa nyumbani anayekataza.

Kipimo hiki kina tundu, na kuna mtoto aliyepita humo. Niliandika "umaskini, ifuatiliwe" kwenye faili ya familia yake, halafu ufuatiliaji ukangoja kwa sababu mezani nilikuwa na faili nyingine zaidi ya mia. Mtoto alifikishwa hospitali ameungua na uji, kidonda cha siku tano. Kumwagikiwa uji ni ajali. Siku tano si ajali. Mpaka leo najiuliza kama dalili zilikuwepo siku ile ya kwanza nami sikutaka kuziona, kwa kuwa nilimwonea mama huruma. Chuoni walitupa jedwali la hatari, unajumlisha alama unapata jibu. Jedwali halijui kwamba unayemhoji anafanana na dada yako.

Na hao wa "wapelekwe makao": serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wake wa malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kulelewa katika familia. Nimeketi vikao ambapo bajeti ya kumlisha mtoto mmoja makaoni ingelipa bebi kea ya watatu, na bado mkono ukainuliwa kupiga kura ya makao.

Nimeingia pia kwenye fleti ya Kileleshwa, mtaa wa wenye nacho, friji imejaa, mtoto anamwita dada wa kazi mama, na wazazi siku ya nne hawajapiga simu kumuulizia. Huyo picha yake haijawahi kuingia kwenye kikundi chochote.

Halafu baba. Watu mia mbili kwenye kikundi, jumbe sijui ngapi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza baba yuko wapi! Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema wajibu wa kumlea mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la.

Jumatatu nilikwenda. (Mengine nimeyabadilisha wasitambulike.) Ndani palikuwa na jagi la maji, ugali umefunikwa kwa sahani, na jiko la mafuta taa lilikuwa limetolewa nje kabla ya mlango kufungwa. Jirani wa ukuta wa pili ana ufunguo mwingine. Aliyepiga picha hakubisha hodi kwake. Sasa uso wa mtoto umezunguka mtaa mzima, na mama hataki kwenda geti wanalokaa wenzake kwa aibu, kwa hiyo wiki hii hakuna hata ile mia.

Bebi kea tumepata ya wiki mbili. Nambari ya baba ninayo, inaita, haipokelewi. Barua ya kumwita kwa afisa wa watoto nimeiandika asubuhi hii.