Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akitimiza miaka mitano

Nafanya kazi ya mazoezi tiba kwa watoto hapa Mbeya, wakiwemo wenye mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo la utotoni linalovuruga misuli na mwendo. Kina mama wananiita daktari. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia tu, lakini mama aliyeshuka kutoka milima ya Rungwe na mtoto mgongoni sianzi kubishana naye kuhusu cheo.

Ukizungumzia upungufu wa huduma kwa watu wenye ulemavu, wengi watakutajia uhaba wa vifaa na wataalamu. Ni kweli. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo hapa inategemewa na mikoa saba, kuanzia Iringa na Njombe hadi Ruvuma, Rukwa na Katavi, na kwenye zahanati za vijijini usitegemee kumkuta mtu wa fani yangu. Ila pengo linalonisumbua zaidi lina tarehe yake: siku mtoto anapotimiza miaka mitano.

Kabla ya siku hiyo, sera ya afya inamtibu bure kwenye vituo vya serikali. Ana kadi ya kliniki, anapelekwa kupimwa uzito, na nesi anayemwona mara kwa mara ataona shingo haijakaza au mkono mmoja haufunguki, aandike rufaa. Bado anabebeka kwa kitenge, na kwenye kosta anapakatwa bila kulipiwa. Akifika mitano, kadi imekwisha na hakuna tena anayemwita. Dirishani anadaiwa kama mtu mzima. Kondakta naye anataka nauli ya kiti, na mgongo wa mama umeshachoka.

Na hapo ndipo mwili wake unapotuhitaji zaidi. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, ila mtoto anarefuka, na misuli yenye mkazo hairefuki kwa kasi ya mfupa. Matokeo yake visigino vinanyanyuka, magoti yanabaki yamekunjika, mapaja yanavutana kwa ndani, na nyonga inaweza kuhama taratibu mpaka ichomoke kabisa bila mtu yeyote kuona. Mtoto aliyekuwa anakaa mwenyewe sasa anaanguka upande. Nyumbani watasema amerudi nyuma, wengine watasema karogwa. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba alikua, na miaka hiyo yote hakuna aliyemnyoosha wala kumpima.

Msamaha wa malipo upo. Unaanza na barua ya mtendaji wa kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii anakuhoji na kuamua. Utaratibu huu unamfaa aliyevunjika mguu akatibiwa, akapona. Mazoezi tiba ni ya kurudia kwa miaka, na mama anayehangaikia barua na nauli kila mara atakuja mara mbili, ya tatu hatumwoni. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilisaidia wengi, lakini iliishia hospitali ya mkoa. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, yenye mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mimi kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, nitaanza kutafuta mambo mawili: mazoezi tiba ya kurudia, na vifaa saidizi.

Kuhusu viti mwendo nitasema kidogo, maana hasira yangu ni kubwa. Kiti kikubwa kuliko mtoto kinampinda mgongo, na magurudumu madogo ya mbele hayapiti kwenye matope ya Tukuyu. Picha za makabidhiano ya viti vya msaada hupendeza hata hivyo.

Shule nayo inagonga mlango umri uleule. Ada ya msingi haipo, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Lakini nani atampeleka chooni? Mwalimu wa elimu maalumu aliyesomea chuo cha Patandi, kule Arusha, akipangiwa shule moja ya msingi kwenye kata, hawezi kufundisha huku anabadilisha nguo za watoto. Basi mama anakaa chini ya mti mpaka saa nane, shamba linamsubiri. Wengi huona heri mtoto abaki nyumbani.

Kama mwanao yuko kwenye miaka minne, usingoje. Anza kufuatilia barua ya mtendaji sasa hivi, na umwombe afisa ustawi aandike kwamba tatizo ni la kudumu. Omba nyonga zipigwe picha ya eksirei, hata kama mtoto halii. Ukiwa kwetu, mwombe mtaalamu akuelekeze mazoezi mpaka uyafanye wewe mwenyewe mbele yake, tena uje na bibi au dada anayeshinda na mtoto. Na kama anatumia dawa za kifafa, usizikatishe kwa sababu zahanati imeishiwa. Uliza siku hiyohiyo kituo kipi cha karibu kinazo.